Sufuria na Kifuniko Chake

Sikilizeni, wanangu, na mlango ufungeni. Odalie, wewe ndiwe mkubwa, kaa hapo mezani ukate vitunguu, selari na pilipili hoho, vidogo vidogo. Curley, washa moto mdogo, tia mafuta katika sufuria nyeusi ya chuma, yakipata moto utie unga kiasi hicho hicho, kisha shika mwiko ukoroge. Kitanda changu cha ugonjwa nimekihamishia jikoni kwa makusudi. Anayekoroga roux, huo unga unaokaangwa kwa mafuta, hawezi kuiacha akatoka nje, na mimi mama yenu leo nataka watu wasioweza kutoka.

Msikwepeshe macho. Hamjasemezana tangu tulipomzika baba yenu, na sababu ni sufuria hii hii. Nola, mkeo wewe Curley, alitaka kunisaidia vyombo siku ile, akaisugua kwa sabuni na kuiloweka mpaka asubuhi, ikaota kutu, weusi wote wa mafuta uliowekwa na mikono ya bibi yangu ukaenda na maji. Hakujua, kwao hawapiki kwa sufuria za chuma. Nawe Odalie, mbele ya waombolezaji, ukamwambia kwamba asiyeweza kutunza sufuria hawezi kutunza mume. Ulimi hauna mfupa, binti yangu. Kutu niliitoa kwa chumvi, nikapaka mafuta ya nguruwe, nikachoma na kuchoma tena mpaka weusi ukarudi. Neno lako nimeshindwa kulitoa, wa kulitoa ni wewe.

Koroga, Curley, huko dirishani hakuna kitu. Ina rangi ya mchanga? Bado sana. Wavivu huishia hapo, wakawalisha wageni uji. Subiri ifike rangi ya karanga, halafu ya chokoleti. Ukiona vidoa vyeusi imeungua, imwage uanze upya, maana hakuna kiungo cha kuficha unga ulioungua. Ninyi mmekuwa mkiificha yenu iliyoungua kwa tabasamu za kanisani, na uchungu wake nimeula mimi.

Nyumba na shamba mpaka ukingo wa mto ni vyenu nusu kwa nusu, hapo sitaki maneno. Mashua ya baba yenu ni ya Curley, kuku ni wa Odalie. Lakini hamgombanii mashua, kila mmoja amekuja kuninong'oneza kuhusu sufuria. Haya, sufuria ni ya Odalie. Tulia, Curley, usiache kukoroga! Kifuniko ni chako. Mwiko huo, alionifundishia mama yangu, ni wa Nola. Baridi ya kwanza ikiingia na mtu akatamani mchuzi huu wetu wa gumbo, atajua pa kupiga simu.

Nasikia mwiko unalegea. Odalie, mpokee mdogo wako. Usingoje akuombe, hataomba, ni mwanangu. Weka mkono juu ya mkono wake, mwiko usisimame... Hivyo. Msilie ndani ya chakula, chumvi haijafika zamu yake.

Rangi siioni tena, lakini harufu hiyo naijua. Ni sasa. Mimina vitunguu, nisikie... Ah. Sauti hiyo ilinilea. Sasa supu ya kuku, kidogo kidogo, kisha nyama na soseji ya moshi, na moto uwe mdogo. Wali upikeni kando.

Unatafuta nini, Odalie? Kifuniko hakipo. Nola alikichukua siku ile ile ili akitoe kutu mwenyewe, na mpaka leo anaogopa kukirudisha. Simu iko ukutani. Mpigie wewe, si Curley. Mwambie aje nacho, na kwamba kiti chake ni karibu nami.

Nimechoka, wanangu. Mungu awape meza isiyopungua watu... awape mikono ya kupokezana. Radhi yangu mnayo wote... wote watatu. Piga, Odalie, mchuzi unakauka... Na nikinyamaza kabla hajafika, msinifunike. Ifunikeni sufuria kwanza.