Dada Hatua na Kazi Aliyoipanga Mara Mbili

Ndugu wafiwa, majirani, wanafunzi wa marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii ili kuja kusimama nasi, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya dada yetu, nami naomba mnivumilie, kwa kuwa tulizoea yeye aseme na sisi tusikilize.

Dada yetu alizaliwa tarehe 11 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, dereva wa lori, na mama yetu, mshonaji, akafuatiwa na sisi wadogo zake, ambao alitubeba mgongoni, akatuogesha, na akatuchapa pale ilipobidi. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978, na mwaka uliofuata akaanza kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, ambako aliita wagonjwa kwa zamu, na kuwatuliza waliotaka kutoroka waliposikia mlio wa mashine.

Nyuma ya kliniki ile kulikuwa na chumba kidogo chenye harufu ya nta na plasta, ambamo mzee mmoja alitengeneza meno bandia, na siku moja dada alipompelekea chai alimkuta akisugua jino na kulinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akasahau chai, akasahau wagonjwa, akasimama pale mpaka daktari alipokuja kumtafuta. Jioni alimwambia mama, "Mama, nimeiona kazi yangu." Mama, ambaye hakuwa mtu wa kuzunguka na maneno, akamjibu, "Haya, umeiona. Sasa utafikaje huko?"

Swali lile lilimkaa. Wengine tungekimbilia kuomba chuo, lakini yeye alianza kwa kuchunguza, akawa anatumia muda wake wa chakula katika chumba cha mzee, akimuuliza mambo ambayo watu huona haya kuyauliza, siku yake huwaje, nini kinamchosha, kwa nini mwanafunzi wake wa mwisho aliacha, naye mzee hakumficha, akamwambia kwamba mgongo huuma, vumbi huingia kifuani, na anayetaka sifa aende kuimba, maana meno yakitengenezwa vizuri hakuna atakayejua kuwa ni ya bandia. Kisha dada akajipima mwenyewe, akaona mikono anayo, subira anayo, ila kemia alikuwa ameanguka vibaya sana, basi akaanzia hapo, akasoma jioni, akarudia mtihani, akaanguka tena, akarudia tena, akafaulu.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983 na shemeji yetu huyu aliyeketi mbele, fundi redio, wakajaliwa binti mwaka 1984 na mtoto wa kiume mwaka 1987. Mwaka 1988 mwenye kliniki alimpa cheo cha msimamizi wa ofisi, chenye meza yake na simu yake, na wiki hiyohiyo chuo cha ufundi wa meno bandia, alikoomba baada ya kufaulu kemia, kikamkubali. Familia ilikaa kikao, baba mkwe wake akasema hajapata kumwona mtu mwenye akili timamu akikataa ofisi ili arudi kukaa dawatini na watoto, na shemeji akangoja wote wamalize, ndipo akamgeukia mkewe.

"Tuseme umeichukua hiyo meza. Baada ya miaka mitano utakuwa wapi?"

"Kwenye meza hiyohiyo."

"Basi nenda chuo."

Shemeji akajifunza kusuka nywele za binti yake, na picha za kipindi kile zipo, anayetaka kucheka atuone baadaye.

Alihitimu mwaka 1991, akarithi benchi la kazi la yule mzee alipostaafu, na ni miaka hiyo alipopata jina la Dada Hatua, kwa kuwa hakuna kijana wa ukoo huu aliyemletea ndoto akaondoka bila kuulizwa hatua inayofuata. Mwanangu alimwambia, "Shangazi, nataka kuwa rubani." Akamjibu, "Vizuri sana, baba. Umeshaongea na rubani yeyote? Na Jumatatu unaanza na nini?" Leo mwanangu ni fundi wa injini za ndege, maana alipoongea na rubani aligundua kwamba kilichomvutia ni injini.

Mwaka 2009 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, akadhani ni uchovu, hadi daktari alipomweleza kuwa ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu usio na tiba. Dada alijifungia chumbani, akakataa hata kupokea simu, akaniambia, "Nilijenga kila kitu juu ya mikono hii." Binti yake ndiye aliyemfikia, akaketi kitandani, akamuuliza, "Mama, mikono tuiweke pembeni. Kazi hii uliipendea nini?" Kesho yake alimjibu, "Kumwona mtu anacheka bila kuziba mdomo." Na hapo akaanza kupanga upya, akaenda chuoni kuomba kufundisha, yeye aliyeogopa kusimama mbele za watu, akafanya mazoezi ya kuhutubia mbele ya redio mbovu za mumewe, na siku ya kwanza darasani akauweka mkono unaotetemeka juu ya meza wote wauone, akasema, "Huu umeshafanya kazi yake. Sasa leteni mikono yenu." Alifundisha kuanzia 2010 hadi 2021, na waliovaa makoti meupe pale nyuma ndio mikono yake.

Alilazwa mwezi Aprili 2023, akafariki tarehe 2 Juni, alfajiri, sisi tukiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kutulaza, na walimu wenzake waliomtembelea mpaka mwisho. Kwa namna ya pekee tunamshukuru muuguzi mmoja kijana, ambaye dada alimhoji kuhusu maisha yake kila alipokuja kumgeuza kitandani, na ambaye jana alifika nyumbani akilia, akatuambia amejiandikisha masomo ya ukunga, ila dada, aliyetaka kumpa habari hiyo, hakumkuta.

Pumzika kwa amani, dada. Tutaendelea kuanzia ulipotufikisha.