Ukuta Hauwi Eminent: Miaka Ishirini na Mmoja ya Mama Edith Kapya

Tarehe 31 Julai 2025, saa tisa na nusu alasiri, Mama Edith Kapya atazima kompyuta yake katika ofisi ya ufasiri ya Kampuni ya Shaba Mulonga, hapa Lubumbashi, baada ya miaka ishirini na mmoja ya kazi. Ukijumlisha na miaka kumi na minane aliyofundisha Kiingereza katika shule ya sekondari kule Katuba, utaona kwamba ameishi na maneno ya watu wengine kwa karibu miaka arobaini, na bado hajayachoka.

Kamati ya sherehe ilitaka jina lake kwenye bango la ukumbini litanguliwe na neno la Kiingereza *eminent*. Wazo hilo lilikuwa langu mimi, Floribert, niliyekaa meza ya pili ofisini mwake kwa miaka kumi na miwili. Alipoona rasimu alichukua kalamu nyekundu akalikata. "Floribert, mwanangu," akasema, "ile neno haiko kofia ya kuvaa siku ya fete. Ni bantu ba kazi yako banakupatiaka, tena mara mingi ukiwa hauko." Bango likachapishwa bila neno hilo. Programu hii ya sherehe mliyo nayo mkononi, kwa bahati nzuri, hakuonyeshwa.

Mama Edith alizaliwa Mitwaba, binti wa fundi wa reli aliyehamishiwa Lubumbashi na familia nzima. Alipoingia kampuni mwaka 2004 hakukuwa na ofisi ya ufasiri; palikuwa na meza moja kwenye ujia, kati ya mashine ya fotokopi na mlango wa choo. Hapo alifasiri mikataba, kanuni za usalama, hata barua za rambirambi. Leo ofisi ina watu wanne, na sote wanne tumepita mikononi mwake. Ametuachia pia kamusi ndogo ya maneno ya mgodini kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili chetu. Ni yeye aliyefanya vibao vya shimoni viseme "Usipite, mawe inaanguka", badala ya sentensi ndefu ambazo hakuna aliyezisoma hadi mwisho.

Kila Jumatatu kabla ya chai alitufundisha neno moja. Wiki ya *eminent* ilichukua siku mbili. *Famous*, alisema, ni yeyote anayejulikana na wengi, hata mwizi. *Prominent* ni kile jicho linachokiona kwanza: mtu, jengo, hata pua. *Eminent* ni mtu aliyesimama juu katika kazi yake, na wanaoijua kazi hiyo wanakubali. Daktari anaweza kuwa *eminent* mbele ya madaktari wote wa nchi, na majirani zake wa Katuba wakamjua tu kama papa Ariel, baba yake Ariel. Kisha akatuonya tusilichanganye na *imminent*, jambo lililo karibu kutokea, mara nyingi la hatari. Kifaransa kinayo maneno hayo hayo mawili, akasema, kwa hiyo hatuna kisingizio.

Wengi wanakumbuka pia siku mkurugenzi mmoja alipojiandikia hotuba ya Kiingereza ya kumkaribisha profesa mgeni, akamwita *notorious* akidhani amemsifu. Mama Edith aliiona karatasi dakika tano kabla ya kikao. Akamwendea mkurugenzi, akamnong'oneza kwa heshima kwamba alichokiandika kinamaanisha mtu mwenye sifa mbaya mji mzima. Profesa aliondoka akiwa na furaha, na mkurugenzi akaanza kuleta hotuba zake mapema.

Lakini siku ninayotaka ikumbukwe ni Alhamisi ya tarehe 12 Februari 2015. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo. Mhandisi wetu wa miamba, mgeni ambaye Kiingereza hakikuwa lugha ya nyumbani kwake, alituma ripoti ya shimo letu la upande wa Kambove, kisha akapanda ndege kwenda Johannesburg. Ripoti nilipewa mimi. Mahali fulani ilitaja *eminent failure* ya ukuta wa kaskazini. Nilikuwa na kurasa kumi na tisa na nilikuwa na haraka. Nikaandika kwamba ukuta una "upungufu mkubwa", nikaiweka katika faili la mkutano wa Jumatatu.

Mama Edith alikuwa na desturi ya kusoma kazi zetu zote kabla hazijatoka. Saa nane mchana alisimama kwenye meza yangu na karatasi mkononi.

"Floribert, hii *eminent* umeipata wapi?"

Nikamwonyesha katika ripoti yenyewe.

"*Eminent* inaendaka na muntu," akasema. "Hii ukuta ilisoma wapi? Nani anaiheshimu? Ule papa wa ripoti alitaka kuandika *imminent*. Na *failure* ya ukuta ni kuanguka. Anasema iko karibu kuanguka."

Alimpigia mhandisi mara tatu. Simu ilikuwa imezimwa. Hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Alikuwa na herufi chache tu na mvua dirishani. Akampigia Kasonde, msimamizi wa zamu shimoni, na akaweka simu juu ya meza ili nami nisikie.

"Kasonde, bantu ngapi beko chini ya ukuta wa kaskazini?"

"Kumi na moya, Mama."

"Baondoe sasa hivi. Ukuta itaanguka."

Kasonde akauliza ni nani aliyetoa ruhusa.

"Njo miye," Mama Edith akajibu, yaani ni yeye mwenyewe.

"Mama, weye uko wa traduction, kazi ya kufasiri. Nikisimamisha kazi, bakubwa bataniuliza nini?"

"Ubaambie ni Edith alisema. Kama nimekosea, barua batanipa miye. Lakini bantu batoke, Kasonde. Nakuomba."

Kasonde aliwatoa. Kabla ya ofisi kufungwa, mkurugenzi wa uzalishaji wa wakati ule alikuwa amemwita Mama Edith na kumpa barua ya onyo kwa kusimamisha zamu bila mamlaka. Aliisoma, akaitia sahihi, na kwa upole akamwonyesha makosa mawili ya kisarufi. Alikuwa amebakiza miaka kumi ya kazi na watoto wawili chuoni. Tulipokuwa tukitoka nilimuuliza kama anaogopa. "Naogopa sana," alinijibu. "Nikiwa na haki, ni mubaya. Nikiwa nimekosea, ni mubaya pia."

Mkurugenzi alikuwa ameagiza kazi irudi asubuhi. Ijumaa, saa moja kasorobo, watu walipokuwa wakivaa buti, ukuta wa kaskazini ulianguka. Ulifunika malori mawili na njia yote waliyokuwa wakifanyia kazi. Hakuna aliyeumia. Barua ya onyo ikafutwa kabla ya saa sita, na mkurugenzi alimletea habari hiyo yeye mwenyewe.

Kulikuwa na uchunguzi. Wachunguzi walitaka kujua tafsiri ya kwanza ilifanywa na nani. Mama Edith, mkuu wa ofisi, aliandika sentensi moja: "Ofisi ya ufasiri ilikosea, na ofisi ya ufasiri ikasahihisha." Hakuongeza jina lolote. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ni mimi. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini na mke wangu Exaucée alikuwa mjamzito. Nilipomwendea kumshukuru aliniwekea mbele ripoti ya mhandisi, ile ile, akaniambia niifasiri upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Miaka kumi imepita na hajawahi kunikumbusha, hata kwa utani. Leo nasema mwenyewe, kwa sababu anaondoka na ni haki watu wajue.

Kasonde naye amestaafu. Wiki iliyopita alikuja ofisini kuuliza siku ya sherehe. Kati ya wale kumi na mmoja, wawili wamehamia Kolwezi. Tisa bado wako hapa. Hakuna aliyewaalika, ila wameomba viti, nasi tumewawekea safu ya pili, pamoja na wake zao na watoto wao. Mama Edith hajui. Atawaona atakapoingia.

Kuanzia Agosti anakwenda Mitwaba kulima mahindi na karanga katika shamba la marehemu baba yake, na amekwisha kutuambia kwamba mtandao kule ni mbovu, tusimtumie kurasa za kusahihisha. Tutajitahidi.

Mama Edith, asante kwa kusoma kila mstari wetu kana kwamba kuna mtu amesimama chini yake. Nenda salama, Mungu akupe afya na mvua ya kiasi, na uwe na siku nyingi za kukaa bila kuharakishwa na mtu. Sisi wa meza nne tunakupenda.