Mzee Polikarpo na Tumbo la Lusungu

Miaka ishirini na tisa kwenye boila, na Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1996, Mzee Polikarpo Kasanda anastaafu. Mie bado siamini. Nilidhani kiwanda kitakufa kwanza, au wafe wote wawili siku moja, tupike pilau moja tu. Ofisi imenipa mie kazi ya kumwandika kwa sababu yeye Mnyamwezi na mie Mzaramo, watani, kwa hiyo hana pa kunishtaki.

Aliingia kiwanda chetu cha sabuni hapa Temeke mwaka 1967, mwembamba kama utambi. Hajawahi kuchelewa kazini, amefundisha vijana wengi, na boila halijawahi kulipuka ingawa nilishawahi kumwombea lilipuke kidogo. Lakini kila mstaafu husifiwa hivyo. Mie nataka kusema la mwaka 1993, ambalo likinijia mdomo unabaki wazi hadi leo.

Mwaka huo kiwanda kilikuwa kinauzwa. Meneja mpya, Bwana Brightson, akatangaza kwamba vibarua wote wanaondoka mwisho wa mwezi. Mmoja tu aliachiwa upenyo: Lusungu, kijana wa Tukuyu, anayekimbia kama kakanyaga moto. Akiingia tatu bora kwenye mbio za viwanda, kutoka Kisarawe hadi Temeke, ataajiriwa. Akikosa, arudi kwao, na mkewe ana mimba kubwa. Mlezi wa timu ya wakimbiaji alikuwa huyuhuyu Polikarpo.

Siku hizo maduka ya Buguruni yalikuwa yamefurika makopo ya glukosi kutoka nje, kitu ambacho zamani tulikiona hospitali tu. Polikarpo akawaza kama mtu wa boila: ukiongeza kuni, moto unaongezeka. Akakoroga kopo zima kwenye maji kidogo, likawa zito kama uji wa mzazi. Kijana akalibugia lote, wakatoka kwenda mazoezini.

Kufika Buguruni, Lusungu akapinda. Tumbo limemshika, jasho la baridi, machozi. Akakimbilia nyumba ya kwanza yenye mlango wazi, kumbe kuna msiba. Kina mama kuona kijana kajishika tumbo, analia kuwazidi wafiwa, wakamkumbatia na kumkalisha mkekani.

"Pole baba. Marehemu alikuwa nani wako?"

"Choo, mama. Naomba choo."

"Mwacheni," akasema Bi Munira, mwenye nyumba. "Uchungu umempanda kichwani."

Kilichofuata hakiandikwi kwenye jarida la kiwanda. Mkeka tuliwanunulia mwingine.

Mie nilicheka hadi nikakaa chini. Polikarpo hakucheka, maana kijana aliapa kwamba siku ya mbio hatatia kitu mdomoni, hata maji. Kilomita kama thelathini za jua la Dar, koo kavu. Tukajua ajira imekwenda.

Hapo ndipo mwenzetu alipotushangaza. Mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye wajukuu, akaanza kukimbia kila alfajiri kutoka Yombo hadi kazini, mabuti ya boila miguuni, kidumu mkononi, akijaribu kinywaji kwenye tumbo lake mwenyewe. Mkewe, Mama Demetria, akanifuata getini kafadhaika.

"Shemeji, mwenzio ana nini? Jana kaingia chooni mpaka chai imepoa."

"Wanyamwezi wakizeeka ndivyo wanavyoanza," nikamwambia. Naye hakucheka.

Kila siku alipunguza glukosi na kuongeza maji, akatia chumvi kidogo, akaacha kubugia akawa anakunywa funda mojamoja huku anakimbia. Taratibu tumbo likazoea. Akaja kazini amesimama wima, anapiga mluzi.

Siku ya mbio alimsubiri Lusungu njiani, pale Ukonga, juu ya baiskeli ya tarishi. Kijana alikuwa wa sita, midomo imepauka.

"Funda moja, mwanangu."

"Mzee, niache na tumbo langu."

Polikarpo akanywa yeye, funda zima, kijana anamwona. "Haya, mie nimeshakunywa. Tukiingia msibani, leo tunaingia wote."

Kijana akacheka, na mdomo ukafunguka. Wakaja hivyo hadi Temeke, mzee anaonja, kijana anafuata. Mie nilikuwa pale mwisho, nimeandaa matusi ya utani ya kumpokea nayo. Nilipoona Lusungu anaingia wa tatu, tumbo kimya, na Bwana Brightson anampa mkono, niliacha matusi nikamshikia mzee baiskeli ashuke. Jumatatu kijana aliripoti boila kama mwajiriwa. Wiki hiyohiyo mtoto alizaliwa, baba ana kazi.

Mzee Polikarpo, asante kwa sabuni zote, na zaidi kwa lile funda ulilotangulia kunywa. Nenda Tabora ukale asali yenu. Chakula kikushuke vizuri, usingizi uje bila kuitwa, Mama Demetria asichoke kukuvumilia. Ukitangulia kufa, nitakuja kuvuruga msiba wako kama mtani anavyopaswa. Ila usiharakishe, mie nauli bado sina.