Harufu ya Stoo ya Kanisa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka mwoka mikate aliyefariki Jumatano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Mtaa mzima ulimwita Mama Mkate. Nasema tena kwa waliochelewa kufungua redio: Mama Mkate, mwoka mikate, amefariki Jumatano. Nimesoma tanzia nyingi kwenye kipaza sauti hiki. Hii ni nzito kwangu kuisoma, na mtajua kwa nini.

Kwa miaka arobaini alioka mikate katika chumba chenye tanuri moja, meza ndefu ya mbao na dirisha la kuuzia. Na karibu miaka hiyo yote, yeye ndiye aliyeoka mkate wa meza ya Bwana kanisani kwao. Mkate bapa, usiotiwa hamira. Lishikeni hilo, tutalirudia.

"Mama alishika trei ya moto bila kitambaa," anasema binti yake, ambaye ni fundi cherehani. "Na ulimi wake ulikuwa moto kuliko trei."

Kila mwaka, juma la kuelekea Pasaka, Mama Mkate alifunga dirisha. Siku saba, hakuna mkate. Alitupa hamira yote iliyobaki, akavuta makabati kutoka ukutani, akapiga magoti na brashi kuukuu akifukua makombo kwenye nyufa za meza. Watu walimtania. Fundi viatu wa jirani alimuuliza, "Mama Mkate, umekuwa Myahudi lini?"

"Mimi Mkristo tu, baba," akamjibu. "Pasaka yangu ni Yesu, na alishachinjwa. Ila mgeni mkubwa namna hiyo akija kwangu, nimkalishe juu ya makombo ya mwaka jana?"

Hakuamini kwamba mtu anaokoka kwa kuosha kabati. Akisikia hivyo alicheka mpaka akakohoa. Kwake sikukuu za Biblia zilikuwa hodi mlangoni. Pasaka ilimuuliza, una uchafu gani ndani? Pentekoste, ile sikukuu ya mavuno, ilimuuliza, umemwachia nani sehemu yake? Alipenda kusema kwamba imeandikwa mjane, yatima na mgeni wafurahi pamoja na mwenye nyumba. "Pamoja," alikuwa akikazia. "Si baada yake."

Sasa twende kwenye lile jambo.

Karibu miaka minne iliyopita, siku ya Pentekoste, waumini walileta mavuno kanisani. Unga, maharage, mafuta ya kula. Vyote kwa ajili ya wajane wa mtaa. Vikaingizwa stoo, nyuma ya madhabahu, vikafungiwa. Kisa? Kamati ya sikukuu ilitaka mgeni rasmi ndiye agawe, watu wapige picha. Mgeni rasmi hakupata nafasi. Ikasogezwa hadi Krismasi. Hakupata nafasi. Ikasogezwa hadi Pasaka. Miezi kumi, wasikilizaji wapendwa! Miezi kumi unga umefungiwa unamsubiri mtu mmoja mwenye suti.

Kulikuwa na mjane mmoja, mfua nguo, mwenye watoto wanne. Alikwenda kanisani kuuliza mara tatu. Mara tatu aliambiwa, "Subiri sikukuu, dada." Aliyemlisha ni Mama Mkate, tena kwa kumdanganya kwamba anampa mkate uliobaki jana.

"Nilijua ananidanganya," mfua nguo ameniambia juzi. "Mkate wa jana haukuunguzi vidole."

Pasaka ilipokaribia, Mama Mkate alimaliza kuosha kwake, akaenda kanisani na ndoo na brashi. Akamwomba mzee wa kanisa ufunguo wa stoo. "Chachu inatolewa kila chumba," akasema. Mzee alikuwa anapanga viti vya wageni, akampa bila kufikiri.

Akafungua. Harufu ikamvaa usoni. Unga umeshikana mabonge ya kijani, na mabonge yenyewe yanatembea kwa funza. Panya wamezalia ndani ya magunia ya maharage. Mafuta yamevuja, yamevunda sakafuni. Mama Mkate, mtu aliyeshika unga maisha yake yote, alitapika pale pale mlangoni. Ptuu! Hata mimi nikisimulia, mate yananijaa. Ukuta ni ule ule mmoja. Upande huu maua na kitambaa cheupe, upande wa pili panya wanakula chakula cha mjane.

Hakupiga kelele. Alisubiri Jumapili. Mgeni rasmi hatimaye amefika, kamati imeketi meza kuu, keki ya ghorofa tatu mbele yao. Mama Mkate akaingia na trei yake ya kuokea. Juu ya trei, unga ule na funza wake. Akaiweka kando ya keki.

"Sikukuu njema," akasema. "Hiki ndicho tulichowaandalia wajane. Nani aonje kwanza?"

Mtadhani kamati iliona aibu. Wapi! Ilimwona yeye ndiye mchafu. Ikakutana Jumanne, ikamtenga. Asishiriki meza ya Bwana mpaka aombe radhi, na mkate wa meza uokwe kwingine. Wajumbe walikuwa saba, na mikono saba ilipanda.

Hakuomba radhi. Wengine walidhani hajali. Alijali mno. Binti yake anasema kila Jumapili mama aliketi benchi la mwisho. Sahani ya mkate ikipita, aliweka mikono mapajani, akaitazama mpaka ikafika mbali. Miaka mitatu.

"Alipolala kitandani mwezi huu, aliomba kitu kimoja tu," anasema binti. "Kipande cha mkate wa meza ya Bwana. Nikamfuata mzee wa kanisa. Akaniambia, kamati itakaa baada ya sikukuu."

Jumatano akafa.

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Jana tangazo la kanisa limeletwa hapa studio. Linamwita marehemu "nguzo ya kanisa letu". Nguzo! Linasema pia kwamba maziko, yaliyopangwa kesho Jumamosi, yamesogezwa hadi Jumatano ijayo. Sababu ni kwamba mgeni rasmi hajapata nafasi.

Nililisoma nikasikia harufu ya ile stoo. Naijua. Mimi ndiye niliyekuwa mshereheshaji wa kamati ile. Mimi ndiye niliyetangaza, kila tarehe iliposogezwa, "Tuwe na subira, wapendwa." Na katika ile mikono saba, mmoja ni huu ulioshika karatasi sasa hivi. Asubuhi iliyofuata nilipita dirishani kwa Mama Mkate. Akanipa mkate kama kawaida, akaniuliza habari za nyumbani. Nikaupokea. Nikaula. Najisikia kinyaa.

Kwa hiyo tangazo la kanisa silisomi. Nasoma la binti yake. Mama Mkate anazikwa kesho, Jumamosi, saa nne asubuhi. Narudia: kesho, saa nne. Atakayemzungumzia ni mfua nguo. Binti ataoka mkate bapa katika tanuri la mama yake, na kila atakayekuja atamegewa. "Waambie hakuna meza kuu," amenisisitizia.

Binti, mama umemuuguza vizuri. Pole sana, pamoja na wajukuu na ukoo wote. Dada mfua nguo, nawe pole, ingawa pole yangu imechelewa miaka mitatu. Na wewe msikilizaji unayepanga sikukuu, unayechagua maua na rangi za vitambaa, nenda kwanza kafungue stoo. Usinipigie simu kunieleza ulichokikuta. Mpelekee mwenyewe leo, kikiwa bado kinalika.

Kesho mimi nitakaa benchi la mwisho. Mkate ukinifikia, nitaweka mikono mapajani.