Kibao Namba Mia Nne

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, karibuni tuketi pamoja. Kabla sijaendelea, tazameni miguu yenu. Kama mmevaa viatu, viangalieni kidogo. Nitarudi kwenye viatu.

Leo tunamkumbuka mlinzi wa mlango. Watu walimwita Mzee Subiri, na mkewe alimwita hivyo hivyo akiwa amekasirika. Amefariki akiwa na miaka sabini na moja. Kwa miaka thelathini na minne alisimama mlango wa mbele wa hekalu la Wahindu ambalo siku zote lina watu wengi kuliko nafasi. Miaka thelathini na minne, mlango mmoja, kamba moja.

Utaratibu wa pale naomba muushike vizuri. Ukumbi unachukua watu mia nne. Ngazi za kuingilia ni kumi na moja, nyembamba. Pembeni kuna chumba cha viatu chenye dirisha mbele na dirisha nyuma. Unapoingia unavua viatu dirisha la mbele, unapewa kibao cha mbao chenye namba. Unapotoka, kwa mlango wa nyuma, unarudisha kibao dirisha la nyuma, unapewa viatu vyako. Vibao ni mia nne. Vikiisha, kamba inafungwa mlangoni, chini ya ngazi, na hakuna anayepita mpaka mwenzake atoke. Mtunza viatu ni mke wa marehemu. Kamba ilikuwa mikononi mwa marehemu mwenyewe.

Na aliishika kwelikweli. Walikuja wakubwa na madereva wao, akawaambia, "Subiri kidogo. Zamu yako ipo." Mama mkwe wake alikaa juani saa mbili nzima, akatoka pale akamnunia mwezi mzima. Binti yake anacheka akilisimulia hilo. "Nyumbani kwetu baba alipanga foleni ya bafuni," anasema. "Akiwa peke yake anasimama nje ya mlango, anasubiri. Tunamuuliza, baba, kuna nani ndani? Anasema, sijui, lakini sijaambiwa niingie."

Lakini binti huyo hachekei kila kitu. Kuna jambo alilokua nalo ndani ya nyumba, na lilimkaa moyoni tangu utotoni. Baba yake alilinda hekalu, na baba yake hakuwahi kuingia hekaluni. Alisimama chini ya ngazi zile, anasikia kengele, ananusa maua na ubani, kisha anarudi nyumbani. Alipoulizwa, jibu lilikuwa moja. "Mimi nafasi yangu nilishaitumia."

Wasikilizaji wapendwa, nafasi hiyo aliitumia hivi. Ni miaka ishirini na sita iliyopita, asubuhi ya watu wengi mno. Vibao vyote mia nne vilikuwa vimeshatolewa. Akaja kaka yake mkubwa, ametoka safari, viatu vyake vya kahawia ameviacha chini ya dirisha kwa haraka. Akasema, "Mdogo wangu, mtu mmoja tu. Mtu mmoja ataongeza nini?"

Mzee Subiri, wakati huo hata hajaitwa mzee, akanyanyua kamba.

Ndani kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, hilo kaka yake alisema kweli. Kosa halikuwa hapo. Walio nyuma waliona kamba imepanda. Kwao kamba ikipanda maana yake ni moja, mlango umefunguliwa. Wakasogea wote kwa pamoja. Kaka mtu aliangukia ngazi ya tatu na hakuinuka. Alikufa yeye peke yake, mbele ya mdogo wake, na kamba bado iko mkononi.

Tangu siku ile kibao namba mia nne hakikutolewa tena. Marehemu alikitia mfukoni mwa shati. Viatu vya kahawia vikawekwa kwenye kishubaka namba mia nne cha rafu ya viatu, na pale vikakaa. Miaka ishirini na sita.

Sasa sikilizeni hili. Sitawalazimisha mliamini, mimi mwenyewe nalisema nikiwa nimekaa vibaya kwenye kiti.

Binti alipoanza kazi alipewa mlango wa nyuma, ahesabu wanaotoka kwa kidude cha kubonyeza. Siku ya kwanza, hekalu lilipofungwa alasiri, wametoka wengi kuliko walioingia. Zaidi kwa mtu mmoja. Akaona aibu, akadhani amekosea. Siku ya pili, mmoja. Ya tatu, mmoja. Akamwendea baba yake na kidude mkononi.

"Hujakosea," baba akamwambia. "Yupo. Akija, muache apite. Usimtazame usoni."

Miaka tisa binti alihesabu, na miaka tisa alizidi mmoja. Kila siku, anasema, ilikuwepo saa ambayo kidole chake kilibonyeza na mbele yake hakuna mtu. Palikuwa na baridi kidogo tu, mfano wa mlango wa friji ulioachwa wazi. Na vile viatu vya kahawia havikuwahi kushika vumbi. Mama yake anaapa, "Sijawahi kuvifuta. Siku za mvua nilivikuta vimelowa."

Mwaka huu moyo wa mzee ulichoka. Daktari akamkataza kusimama. Kamba akaipokea binti.

Wiki iliyopita, asubuhi, foleni imefika mpaka barabarani. Binti akainua macho na kumuona baba yake mle kwenye foleni. Yuko mwisho kabisa. Shati jeupe, mkono ukutani. Baada ya miaka yote hiyo, anataka kuingia.

Akamkimbilia. "Baba, njoo mbele. Unaumwa. Watu wote wanakujua, hakuna atakayesema kitu."

"Rudi kwenye kamba yako," akajibiwa.

"Nitainyanyua kidogo tu, upite wewe."

"Mwanangu, wakiiona iko juu, watakuja wote. Subiri kidogo. Zamu yangu ipo."

Binti akarudi. Saa mbili na nusu aliishika kamba ile huku anamtazama baba yake akisogea hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Anasema hajawahi kuchukia kitu kama alivyoichukia kamba ile. Hakuinyanyua.

Mzee alipofika mbele akavua viatu, akavisukuma dirishani kwa mkewe. Akatoa kibao mfukoni, akamwonyesha. Namba mia nne. Mkewe akaviweka viatu vile kwenye kishubaka hicho hicho, kando ya vile vya kahawia. Mzee akapanda ngazi. Ya kwanza, ya pili. Ya tatu alisimama kidogo, kisha akaendelea.

Saa sita mchana kuhani alimkuta ameketi chini, mgongo kwenye nguzo, mikono mapajani. Alikuwa ameshapoa.

Binti akakimbilia chumba cha viatu kumwambia mama. Mama alikuwa anapanga vibao, mtulivu, hata anatabasamu.

"Mama, baba amefariki. Yuko ndani."

"Ndani wapi? Baba yako ameshatoka."

Wasikilizaji wapendwa, mama huyu hapati nafasi ya kutazama nyuso. Anatazama kibao, anatazama miguu. Na miguu ya mumewe anaijua kwa miaka arobaini na tano. Ilisimama dirisha la nyuma, anasema, na pembeni yake miguu mingine, mikubwa zaidi. Kibao kikawekwa mezani. Akatoa jozi mbili, zikachukuliwa bila haraka na bila kusukumana.

Binti alitazama kishubaka. Kilikuwa kitupu. Kibao namba mia nne kilikuwa mezani.

Kuanzia siku iliyofuata, wanaoingia na wanaotoka ni sawa. Kibao kile kimerudi kwenye kapu na vingine.

Kwa mama mtunza viatu, kwa binti aliyeshika kamba, na kwa waumini wote wa hekalu lile, poleni sana. Tunalia nanyi.

Na wewe unayenisikiliza, kesho utasimama kwenye foleni mahali fulani. Utakuwa na haraka, na utamjua mtu wa mlangoni. Kabla hujamwomba, tazama miguu ya aliye nyuma yako, na ya aliye nyuma yake.