Mama Diski Akabidhi Kabati la Programu

Imeandikwa na Dorca Ouma, Mkuu wa Jikoni, kwa jarida la wafanyakazi wa Kituo cha Elimu cha Ziwani, Kisumu

Tarehe 30 Novemba 1999, Bi. Lornah Adongo atastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu kwa miaka ishirini na minane. Aliingia mwaka 1971 akiwa karani wa taipu mwenye viatu vya kisigino na vidole vyepesi. Anatoka akiwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, amevaa viatu bapa, na ana jina ambalo wazazi wake hawakumpa. Kuanzia Kondele hadi Bondo anajulikana kama Mama Diski. Ukija kumuulizia kwa jina la Lornah, askari wetu wa langoni atakuapia kwamba hamjui mtu huyo.

Mhariri aliniomba mimi niandike kwa sababu jiko langu na chumba cha kompyuta vinatenganishwa na ukuta mmoja tu, na stima yetu ni ya laini moja. Nadhani pia aliogopa kwamba mtaalamu angeandika mambo ambayo hakuna mtu angeyaelewa. Mimi najua unga na mafuta. Lakini ukikaa jirani na Mama Diski miaka yote hiyo, utajifunza upende usipende, na haya nitakayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu.

Kompyuta ya kwanza ilifika mwaka 1986, nayo ilikuwa msaada. Ilikuwa na matundu mawili ya kutumbukizia diski, basi. Haikuweza kuhifadhi chochote tumboni mwake. Ukiizima, imesahau hata jina lako. Lornah alipelekwa Nairobi kwa kozi, akarudi na macho yanayong'aa, na kabla hatujamaliza kumpa pole ya safari alikuwa ameanzisha Klabu ya Jumamosi. Klabu ilikuwa ya watu wanaoandika programu za kompyuta kwa raha zao tu, bila mshahara wala cheti. Walikuja bila kusukumwa. Alikuja Selpha, mwalimu wa hesabu kutoka Maseno, ambaye angeweza kubishana na mashine mpaka mashine iombe radhi. Alikuja pia Badru Abeid, muuza spea za baiskeli wa hapa mjini, ambaye ndoto yake ilikuwa kuifundisha kompyuta kucheza ajua, ule mchezo wetu wa kete na vishimo.

Tatizo, wapenzi wasomaji, halikuwa uhaba. Tatizo lilikuwa wingi! Kila mwenye shemeji Nairobi au binamu ng'ambo alileta diski: programu za kuandikia, za kuchorea, za kupangia majina, za kutafutia makosa katika programu nyingine. Badru peke yake alikuwa na programu kumi na moja za kuandikia na hakuwa ameandika kitu. Kila Jumamosi alikuwa anajaribu mpya. Lornah alimtazama kwa miezi miwili, kisha akamnyang'anya kumi na kumwachia moja, ile ndogo kuliko zote. Badru alinuna, akaja kulalamika kwangu jikoni kwamba mama huyu ni dikteta. Kufika Pasaka, ajua ilikuwa inachezeka kwenye skrini, na kompyuta ilimfunga mwenyewe aliyeifundisha. Badru alizunguka mji mzima akijisifu kwamba amepigwa.

Ndipo lilipozaliwa kabati. Ni kabati la bati, lile la kijivu, na diski haiingii humo mpaka ipite mikononi mwa Mama Diski. Diski ngeni ililazwa kwanza kwenye trei aliyoiita wodi, maana nyingi zilikuja na virusi. Ikipona, inaulizwa maswali. Inatosha kwenye diski moja na kubakiza nafasi ya kazi ya mtu? Kazi niliyoifanya ndani yake naweza kuitoa na kwenda nayo kwenye programu nyingine, au ikishaingia imefungwa jela? Mtu anaweza kuielewa kabla chai haijapoa? Alikuwa akisema hanunui samaki wa ngege kwa kuangalia picha yake, na kwamba sifa zilizoandikwa juu ya kasha ni maneno ya muuzaji, naye muuzaji lazima ale.

Halafu kulikuwa na mtihani wa oveni. Huu nausimulia kwa fahari kwa sababu mwalimu msimamizi nilikuwa mimi. Oveni yangu ikiwashwa, stima ilikuwa inashtuka na kompyuta inazimika pwaa! Mwanzoni klabu ilinichukia. Lornah yeye aliona faida. Programu ya kuandikia ikiletwa, alimkalisha mtu aandike ukurasa mzima, kisha akagonga ukutani mara mbili, nami nikawasha oveni. Kompyuta ikifufuka, tunaangalia kama ukurasa umebaki. Programu iliyohifadhi kazi yenyewe bila kukumbushwa ilipita. Iliyopoteza ilirudishwa kwa shemeji Nairobi. Nimefelisha programu za makampuni makubwa mimi, tena nikiwa na unga mpaka kwenye viwiko.

Mwaka 1993 klabu nusura ife. Kituo kilikuwa kimepewa jukumu la kuweka kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi za eneo letu, na Bodi ikaamua kununua programu kubwa kutoka kampuni moja ya Nairobi. Programu hiyo ilitaka kompyuta zote, siku zote, Jumamosi zikiwemo. Maana yake chumba kifungwe, kabati lihamishwe stoo, na watu wa klabu waende makwao. Mwenyekiti wetu, Mzee Opiyo, alisema anasikitika, lakini starehe haiwezi kushindana na kazi. Lornah alirudi kutoka mkutano huo amekunja uso, akaingia jikoni, akakaa kwenye gunia la unga. Alisema akifungiwa Jumamosi atabaki kuwa mtu wa kubadilisha karatasi kwenye mashine ya kuchapa. Sikuwahi kumwona hivyo, na niliumia sana.

Hakulia lakini. Aliandikia Bodi ombi moja tu: kabla ya kutia sahihi, programu ijaribiwe kwa watoto wetu wenyewe. Ikifaulu, atafunga chumba kwa mkono wake na hatasema neno. Bodi ilikubali, maana hakuna aliyeona ingeshindwaje.

Basi Jumamosi moja wakaja ukumbini watoto wa madarasa ya chini kutoka shule jirani, wamekaa kwenye mabenchi wakinong'ona. Majina yao Selpha alikuwa ameyaingiza wiki hiyo kwenye kompyuta ya klabu, kama yalivyo katika rejista ya shule: jina la nyumbani la mtoto, jina la baba, na tarehe ya kuzaliwa. Majina ya ubatizo hayakuwepo, maana wengi wa wadogo hao walikuwa hawajabatizwa. Wakala wa kampuni, Bwana Wasike, kijana mtanashati na mwenye adabu, aliyapokea majina, akayapitisha kwenye programu yake, akaanza kuita. Kila aliyeitwa alikuja mbele, akachukua andazi moja kutoka kwenye sinia langu, akatoka nje. Kazi ilienda kwa kasi ya ajabu. Mzee Opiyo alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na Lornah alikuwa amekaa nyuma, mikono imefumbatwa, anatazama chumba chake kikiondoka andazi baada ya andazi.

Bwana Wasike akasema amemaliza. Mimi nikaangalia sinia, maandazi yamebaki. Nikaangalia mabenchi, watoto wamebaki. Walikuwa saba, wamekodoa macho kwenye maandazi, na mmoja alikuwa ameanza kulia. Mzee Opiyo akawauliza majina mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza akasema Odongo. Wa pili, Odongo. Wa tatu, kasichana kenye pengo, Adongo. Wa nne, Odongo. Alipofika wa tano ukumbi mzima ulikuwa umeshaelewa, na vicheko vilipasuka hadi mabati yakatetemeka. Bwana Wasike peke yake alikuwa amesimama hajui kinachochekesha, masikini, kwao ni mbali na hapa.

Tukamweleza. Kwetu mapacha wakizaliwa, anayetangulia huitwa Opiyo na anayefuata Odongo. Wakiwa wasichana, Apiyo na Adongo. Programu yake ilikuwa na akili ya kuwaondoa watu walioandikwa mara mbili. Ilichukua herufi ya kwanza ya jina, ikachukua jina la baba na siku ya kuzaliwa, na vyote vikilingana ikaamua kwamba huyo ni mtu mmoja, ikafuta wa pili bila kumuuliza mtu. O na O, baba mmoja, siku moja. Kila pacha wa pili katika shule ile alikuwa amefutwa duniani.

Na jina la Mama Diski ni nani? Adongo! Dada yake Apiyo, fundi cherehani wa Bondo, alimtangulia kwa muda mfupi tu, na Lornah ameishi maisha yake yote akiambiwa kwamba ameshahesabiwa. Alisimama pale nyuma, akaenda mbele polepole, akakaa kwenye benchi pamoja na wale watoto saba, akanyoosha mkono apewe andazi. Nilimpa. Ukumbi ulipiga makofi kama siku ya mpira. Naye Mzee Opiyo, mwenye ndugu yake Odongo anayevua samaki hadi leo, alifuta machozi ya kicheko na kutangaza kwamba ameishi na mwenzake huyo miaka sitini na hatakubali mashine imzike akiwa hai.

Alipotulia aliuliza klabu ina nini kwenye kabati. Selpha alitoa diski moja, programu ndogo ya kupanga majina ambayo Lornah aliichagua zamani na kuikataa nyingine yenye madoido zaidi. Aliichagua kwa sababu moja tu: ikiona majina mawili yanayofanana, haifuti. Inasimama na kumuuliza mtu. Majina yaleyale yaliitwa upya, watoto wote wakarudi kwa shangwe wakidai maandazi ya pili, na safari hii mabenchi yalibaki matupu. Sinia pia. Nilikaanga mengine mbio mbio huku naimba.

Mkataba haukutiwa sahihi siku hiyo. Bwana Wasike, kwa heshima yake, hakununa. Alikunywa chai, akaenda kuwaeleza wenzake, na baada ya miezi akarudi na programu iliyojifunza kuuliza. Watoto wote waliitwa sawasawa. Akaanza kufunga mkoba wake kwa furaha, ndipo Lornah akagonga ukutani mara mbili. Pwaa! Akarudi tena Nairobi. Mara ya tatu ilipita kila mtihani, tukainunua, na ndiyo tunayoitumia. Lakini Bodi iliandika katika uamuzi wake kwamba Jumamosi ni ya klabu, na kwamba hakuna programu itakayonunuliwa na Kituo bila kupita kwa Mama Diski. Tangu hapo amefundisha walimu kutoka Bondo hadi Muhoroni namna ya kuchagua, na wengi wao huandika programu zao wenyewe jioni, kwa raha tu.

Sasa mwaka huu, tangazo la kustaafu lilipotoka, swali la zamani lilirudi kwa sura nyingine. Mzee Opiyo aliuliza kwa huzuni kama klabu isifungwe tu Lornah anapoondoka, maana kabati ni la mtu mmoja, na mtu huyo anakwenda. Nani atathubutu kuikataa programu yeye asipokuwepo?

Jumamosi iliyopita Mama Diski alikuja na diski yake mwenyewe. Ni Ratiba, programu aliyoiandika kwa mkono wake mwaka 1989, inayochapa kalenda ya kumbi na zamu za jikoni. Sote tunaitumia, mimi bila Ratiba sijui nipike lini. Aliiweka mezani pamoja na ufunguo wa kabati, mbele ya klabu na ya Mzee Opiyo, akaomba ijaribiwe kama ngeni yoyote, kisha akaenda kukaa nyuma. Selpha aliipeleka saa ya kompyuta mbele hadi Januari ijayo na kuagiza kalenda. Ikatoka karatasi ya mwaka 1900, mwaka mpya ukiangukia Jumatatu, hali kila mtu anajua utakuwa Jumamosi. Ratiba ilikuwa inaandika mwaka kwa tarakimu mbili tu.

Mwishowe Badru alisimama, akavua kofia yake, akasema kwa adabu zote kwamba Mama, utuwie radhi, hii haiingii kabatini. Selpha akaitisha kura. Mikono ikainuka mmoja mmoja, kwa aibu, hata wangu, na wa mwisho kuinuka ulikuwa wa Mama Diski mwenyewe. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, amewakumbatia Badru na Selpha kwa mkono mmoja mmoja, akirudia kwamba ameshinda, ameshinda. Mzee Opiyo hakuuliza tena kuhusu kufunga. Alichukua ufunguo wa kabati mezani na kumkabidhi Selpha palepale.

Asante, Mama Diski, kwa kila kazi iliyookoka stima ikikatika, na kwa kila Odongo aliyepata andazi lake. Nenda ukapumzike kwa heri na afya, ulime mboga zako, umtembelee Apiyo bila kuangalia saa. Wanasema umeshaanza kuitengeneza Ratiba upya. Jumamosi tunafungua saa tatu asubuhi; ilete, uilaze wodini, upange foleni kama sisi sote. Oveni nitaiwasha mimi.