Sahani Iliyoachwa Mlangoni

Wazee wenzangu, shikamooni. Na ninyi wadogo, marahaba, nimepokea hata kabla hamjasema. Niacheni niongee nimekaa, mguu huu bado una maringo. Katekista kaniambia niseme kidogo tu, na kwa vile anakijua kidogo changu, naona amekaa karibu na kengele.

Nimeombwa niwaeleze nilivyoanguka nikainuka. Kuanguka nilianguka kweli, chini, kifudifudi. Nilikuwa kwenye kahawa asubuhi nakata machipukizi, kisu kikadondoka. Nikainama kukiokota, mkono wa kulia ukagoma. Nikausemesha: "Wee, vipi?" Kumbe hata mdomo umeshakwenda upande. Majirani waliniokota kama mzigo wa kuni.

Hospitali wakasema kiharusi. Wakanitibu, wakanionyesha mazoezi, wakasema sasa rudi nyumbani. Nyumbani kuna nani? Mama watoto tulishamzika. Mwanangu anafanya kazi machimboni, mbali. Wajukuu wako bwenini. Aliyekuwepo ni mke wa mwanangu, mkwe wangu, binti wa Ngumbo kule chini ziwani.

Huyu binti niseme kidogo. Alipokuja huku milimani hakujua ngolo, kilimo chetu cha mashimo. Ninyi mnajua, mwanamume anafyeka, anapanga majani miraba miraba shamba zima, halafu mwanamke anachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo. Yeye siku ya kwanza akayakusanya majani yote, akayachoma! Akajua kasafisha shamba. Tulicheka mpaka tukasahau kukasirika. Leo ndiye anayewafundisha wengine. Haya, narudi, usishike kengele.

Wa umri wangu mnajua tulivyolelewa. Mkwe wa kike hali chakula pamoja na baba mkwe. Hamgusi. Hamtazami usoni. Akikutana naye njiani, anaacha njia. Ndiyo heshima. Miaka yote ile mkwe wangu nilimfahamu kwa mgongo na kwa sauti. Chakula anakiweka mlangoni, anageuka, anasema, "Baba, karibu chakula," anaondoka.

Nilipopatwa, jirani yangu mmoja, mwanamume, ndiye alikuwa anakuja kunilisha na kunisafisha. Ana mdomo yule! "Leo mtoto amelia usiku?" ananiuliza, huku ananigeuza. Nilikuwa namchukia na kumngoja. Kisha akaenda kwa binti yake kule Kitai, na huko akashikwa na homa, akakaa.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo niliposhuka shimoni. Mkwe anakuja, anaweka sahani mlangoni, anageuza uso. "Baba, karibu chakula." Mimi niko kwenye mkeka, penye ukuta wa ndani, mbali na mlango. Siwezi kutambaa. Ulimi mzito. Na hata ningeweza kuita, ningemwitaje mkwe aje anione vile nilivyo? Nilikuwa nimejichafua. Nikanyamaza.

Kuku wakaingia.

Mnacheka. Chekeni, na mimi sasa nacheka. Walikuwa wanakula ugali wangu na usipa wangu, dagaa wa ziwani, wanafuta midomo kwenye mkeka wangu, wananitazama kwa jicho moja moja. Mkwe anarudi, ananyoosha mkono, anachukua sahani bila kuchungulia ndani. Imekwisha! Namsikia uani anaongea na mumewe kwenye simu, kwa furaha: "Baba anakula vizuri siku hizi. Sahani inarudi nyeupe."

Mimi nikajigeuzia ukutani nikasema basi. Nife. Nilimwambia Mungu, wewe uko huko juu, umekaa pasafi, unajua nini wewe kuhusu mkeka huu?

Kumbukeni ninayesema hivyo ndiye mimi niliyekuwa nasimulia hadithi ya Noeli hapa, mbele ya pango tunalojenga kwa majani ya migomba. Kila mwaka. Watoto wanacheka, nami nanogesha. Lakini yale maneno kwangu yalikuwa kama wimbo, unauimba huku unawaza mbolea.

Basi siku hiyo kuku mmoja akatoka na tonge mdomoni, akakimbilia uani, wenzake wakamfukuza. Mkwe alikuwa anapepeta. Nikasikia ungo umenyamaza. Nikasikia miguu. Ikasimama mlangoni.

"Baba. Ni wewe uliyekuwa unakula, au kuku?"

Nikavuta ulimi. "Kuku."

Halafu nikamsikia analia, pale pale mlangoni, uso bado umegeukia nje. Kisha akageuka. Ndugu zangu, akavuka kizingiti.

Nikajifunika uso kwa mkono huu mzima. "Toka, mama. Toka. Usinione."

Akasimama. Alikuwa anaogopa kama mtu anayeingia kanisani na viatu vya matope. Akasema, "Baba, Noeli ile ulisema nini pale pangoni?"

Nikaukaza mkono usoni.

"Ulisema Mungu aliyefanya ziwa na milima alizaliwa analia, hana meno, na alichafua nguo kama mtoto yeyote. Ukasema kuna binti alimfuta, na yeye Mungu akatulia akafutwa. Watu wote wakacheka. Baba, ulikuwa unatania?"

Nikasema, "Hapana."

"Basi yeye alikubali. Wewe ni mkubwa kuliko yeye?"

Akaenda kuchemsha maji.

Sasa hapa ndipo maneno yananishinda, na mnajua mimi maneno hayanishindi. Alinifuta. Alinikalisha, akanilisha kwa mkono wake, uso wake ukiwa mbele ya uso wangu, na hapo ndipo nilipomwona mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Ana kovu dogo juu ya jicho. Miaka yote ile sikujua. Mwili wangu wote ukasisimka, hata upande uliokufa. Maana niliona jambo. Mimi ndiye niliyekuwa naheshimiwa kwa mbali, napelekewa sahani, hakuna wa kunigusa, na nilikuwa nakufa njaa. Yeye Mungu tulikuwa tunamwekea sahani mlangoni tangu mababu, tunageuza uso. Hakuitaka heshima ile. Akaja akae nasi, akawa na njaa, akabebwa mgongoni, akahitaji mkono wa mtu. Nikalia ugali ukiwa mdomoni. Mkwe akasema, "Tafuna kwanza, baba, utalia baadaye."

Wanawake wakichota maji bombani walisema. "Yule wa ziwani hana adabu, anamshika baba mkwe." Akawajibu, "Njooni mmshike ninyi, mimi nikapumzike." Hakuna aliyekuja siku ile. Baadaye walikuja.

Mguu ulirudi polepole, mkono bado unajifikiria. Nawashukuru wa hospitali. Namshukuru jirani, alipona, mdomo haukupona. Mwanangu alipofika akatukuta tunakula sahani moja, akabaki amesimama. Tukamwambia nawe kaa.

Mkwe wangu nimemwomba leo akae mbele, amekataa, yuko pale karibu na mlango. Msigeuke, ataona aibu. Haya, geukeni. Mtazameni.

Niliyojifunza ni hili tu: mgonjwa wako usimwekee sahani ukaondoka. Vuka kizingiti. Na wewe unayelala kwenye mkeka, kubali kufutwa.

Noeli hii mkiniona nimesimama sana mbele ya pango, msidhani nimepatwa tena. Sitazami nyota wala ng'ombe. Natazama vile vitambaa alivyofungwa Mtoto. Mtoto mchanga hajifungi nguo mwenyewe. Kuna mikono ilimvisha Mungu.